Mwalimu, Pita Mbele

Usiku ule nililala na hasira, na mimi nikilala na hasira silali, nafunga macho tu. Neema, mwanangu wa miezi minane, alikuwa anaota meno, mwili moto, kila nikimlaza anaamka. Chini ya godoro kulikuwa na karatasi mbili alizoniletea afisa wa wadi. Zilikuwa zimeshapigwa chapa, zinasubiri saini yangu tu. Saa mbili asubuhi angerudi kuzichukua.

Acha nieleze karatasi zenyewe kwanza, maana bila hizo ndoto hii haina kichwa wala miguu.

Mimi ni katibu wa kamati ya zahanati yetu. Sikupewa ukatibu kwa sababu nina busara. Nilipewa kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Zahanati yenyewe zamani ilikuwa nyumba ya mzungu, yule aliyekuwa na shamba hili lote kabla ya uhuru. Alipoondoka, serikali ililikata vipande ikawagawia watu waliotoka kila pembe ya nchi, ndiyo maana huku kwetu hata jikoni tunaongea Kiswahili. Chumba ambamo mzungu alikuwa akila chakula ndicho chumba chetu cha kujifungulia. Kina kitanda kimoja, taa ya sola na muuguzi mmoja mkali. Neema nilimzalia mle, siku ambayo mto ulikuwa umebeba daraja na hakuna gari lingeweza kufika hospitali kubwa. Kama si chumba kile, sijui leo ningekuwa naandika nini, na kwa mkono gani.

Sasa mheshimiwa wetu, diwani wa wadi, anakitaka kiwe ofisi yake. Wiki iliyopita likaitishwa baraza. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, wazee wakaja, hata vijana wa bodaboda walizima pikipiki wakasogea. Afisa wa wadi akasema wanaokubali wainue mikono. Iliinuka mikono ya watu aliokuja nao kwenye gari. Akasema wanaokataa. Uwanja wote ukainuka. Mimi nilikuwa mezani na daftari langu, niliona kwa macho haya.

Karatasi zinasema: wananchi waliafiki kwa kauli moja.

Na wala hakunitisha, huyo afisa. Angenitisha ningemtukana, yakaisha. Alikaa kwenye kiti cha nyanya, mama mzaa baba ninayeishi naye, akanywa chai, akampakata Neema akamchezesha, akasema, "Mama Neema, ile ofisi mpya itataka karani. Mtu wa hapahapa, mwandiko safi. Sasa sisi tumtafute nani mwingine?" Baba Neema yuko Mombasa mwaka wa pili huu, na simu zake zimekuwa fupi kila mwezi kuliko mwezi uliotangulia. Nikamwambia afisa nitafikiria. Hilo ndilo lililonichoma. Kwamba mdomo wangu mwenyewe ulisema nitafikiria.

Basi. Nikafunga macho, nikamsikia Neema akikoroma puani, halafu sikumsikia tena.

Nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya unga. Ilikuwa mchana mweupe, debe la mahindi kichwani, Neema mgongoni. Mashine ilikuwa inazunguka lakini haitoi sauti. Mbele yangu migongo, nyuma yangu migongo pia, na hilo halikunishangaza. Kisha watu wote wakageuka kutazama upande mmoja, na sauti moja, sijui ya nani, ikasema kwa adabu kubwa:

"Mwalimu, pita mbele."

Nikajua ni babu kabla sijageuka.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapa. Huu ni mwaka wa sita tangu tumzike. Nilipokuwa mdogo nilimfuata kila mahali kama mkia. Twende kwenye mashine ya unga, twende kwenye josho la ng'ombe, twende kwenye bomba la maji wakati wa kiangazi, tukitokea tu watu wanafungua njia. "Mwalimu, pita mbele. Wewe si ulishashinda?" Na babu anapita, kofia mkononi, hamtazami mtu. Mimi nyuma yake, kidevu juu. Shuleni niliwatambia wenzangu: babu zenu wanapanga foleni mpaka jua linazama, babu yangu mimi hapangi. Wenzangu walitazamana wakacheka. Nikasema ni wivu unawasumbua.

Siku ya kumzika, jeneza lilipokuwa likipitishwa katikati ya watu, mzee mmoja aliyeegemea fimbo alisema polepole, bila kucheka, "Mwalimu, pita mbele." Watu wakatazama chini, na baba yangu akafunga macho. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile haikuwa heshima.

Nyanya aliniambia siku ya tatu ya matanga, tukisugua sufuria. Aliniambia kwa maneno machache, kama mtu anayetema mbegu. Kulikuwa na mwaka ambao nchi hii ilipiga kura bila karatasi. Mtu alisimama nyuma ya picha ya anayemtaka, mchana, mbele ya macho ya kila mtu, wakahesabiwa kama ng'ombe wa josho. Kura ya mlolongo. Hapa kwetu zilisimamishwa picha mbili kwenye uwanja wa shule. Ya kwanza ya bwana mkubwa, rafiki wa serikali, aliyekalia kiti tangu mabaki ya mzungu hayajapoa. Ya pili ya karani wa chama cha maziwa. Mlolongo wa karani ulizunguka uwanja ukafika kwenye vyoo. Wa bwana mkubwa ungeweza kuuweka kwenye kivuli cha ukuta mmoja. Babu ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu. Alihesabu kwa maharagwe, kila mtu punje moja, mlolongo huu mfuko wa kulia, ule mfuko wa kushoto. Mkuu wa tarafa akamwita pembeni kidogo. Babu akarudi mezani akatangaza kwamba mlolongo mfupi umeshinda.

Watu walicheka. Nyanya alisema hilo mara mbili, kwamba watu walicheka, maana Mwalimu alipenda mzaha na wakadhani huu nao ni mzaha. Wakacheka mpaka walipomwona yeye hacheki.

"Na wewe nyanya ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwenye ule mrefu. Alinihesabu, halafu akanifuta." Akaendelea kusugua.

Kitabu cha historia nilichosomea kidato cha nne kina sentensi mbili juu ya kura zile. Nilizikariri, nikajibu swali, nikapata alama zangu. Hakuna aliyeniambia kwamba sentensi ya pili ilikuwa babu yangu.

Sasa yuko hapa. Amevaa koti la bluu tulilomzika nalo, mifuko yote miwili imevimba. Foleni imefunguka kama pazia, watu wameinamisha vichwa, wanamngoja apite. Hapiti. Ananitazama mimi.

"Hata huko," anasema, "wananipitisha mbele."

Nataka kumwamkia, nasikia aibu, natafuta pa kuweka debe. Debe ni jepesi. Natazama ndani, hakuna mahindi. Nikiinua macho, mashine ya unga haipo, tuko kwenye uwanja wa shule na vumbi jekundu linatembea lenyewe.

Mbele kuna meza. Kando ya meza kuna nguzo ya bendera, na kwenye nguzo msumari, na kwenye msumari picha ya mzungu mwenye kofia ya jua. Naufahamu msumari ule. Uko kwenye ukuta wa zahanati, juu ya kitanda cha kujifungulia. Niliutazama saa saba nzima nikisukuma. Picha ya mzungu inaanguka bila kishindo. Inapanda ya mwenye nchi wa kwanza, yule wa uhuru, na watu wanapiga vigelegele. Inaanguka. Inapanda nyingine, na vigelegele, ila vimechoka. Inaanguka. Wanabadilika sura na suti, msumari ni uleule, na hakuna anayeutazama isipokuwa mimi. Juu ya nguzo bendera inabadilika rangi kila upepo ukigeuka, na nyingine si zetu, sizijui. Redio ya babu, ile ndogo aliyokuwa akiiweka sikioni saa ya habari, inaongea kutoka mahali fulani. Inasoma matokeo ya nchi hii, kisha ya nchi ile, nchi ambazo babu alizoea kusema maskini hao, sisi tuna bahati. Mtangazaji ni mmoja, na sauti haibadiliki. Kila mahali umeshinda mlolongo mfupi.

Natembea kando ya ule mrefu. Nawajua. Mama Wafula jirani yangu, aliyejifungua pacha mle chumbani mwezi wa sita. Vijana wa bodaboda. Yule mzee wa fimbo, ambaye naye alishakufa, anatafuna jani. Nikiendelea nakuta wanawake nisiowajua, wamejifunga vitambaa vya nchi nisizozijua, wanaongea lugha nisizozielewa, na bado ninaelewa wanachosema: wanaulizana kama mtu wa mbele ameshaandikwa. Mlolongo unapita vyoo vya shule, unapanda kilima, unashuka upande wa pili, siuoni mwisho.

Halafu namwona nyanya. Ni kijana bado, amefunga kitambaa cha manjano, ana mimba. Nyuma yake kuna nafasi ya mtu mmoja, wazi kabisa. Walio nyuma wamesongamana, jua linawachoma, na hakuna anayesogea kuiziba. Naona hapo ndipo pangu. Nikiinua mguu niingie, nyanya ananyoosha kiganja bila kunitazama.

"Hapo pana mtu."

Narudi nyuma. Ndipo ninaposhika mgongo wangu na kukuta kanga imelegea. Neema hayupo.

Nakimbia. Miguu inakwenda, ardhi haiendi. Namwona kwa mbali, kwenye ule mlolongo mwingine, ule mfupi, amepakatwa na afisa wa wadi, anachezea vifungo vya shati lake na kucheka. Nyuma ya afisa hakuna mtu. Mbele yake kuna picha imesimamishwa kwenye kijiti. Nakaribia niione ni ya nani. Ni yangu. Ni ile niliyopigwa nikiwa kidato cha nne, sare, shingo ndefu, macho makavu ya mtu aliyeambiwa asicheke.

Nataka kuing'oa, mikono haifiki. Nageuka, na meza iko hapo hapo mbele yangu, na babu amekaa nyuma yake. Ametoa maharagwe ya mifuko yote miwili ameyamwaga mezani. Upande mmoja kilima, upande mwingine gao moja la mkono. Yametobolewa na fukusi, kila punje na tundu lake.

"Hesabu," ananiambia.

Hapo hasira yangu yote ikapanda, ile ya afisa, ya baba Neema, ya daraja, ya mimi kusema nitafikiria. Nikamwambia maneno ambayo hakuna aliyewahi kumwambia akiwa hai, maana sisi tulikuwa tunamfungulia njia tu.

"Hesabu mwenyewe. Ulikuwa na macho. Ulikuwa na mikono miwili. Na yule pale alikuwa mkeo, na mimba tumboni."

Hakukasirika. Alikuwa anapanga maharagwe kwa ncha ya kidole, moja moja, kama alivyokuwa akipanga chaki.

"Nilikuwa na watoto watano, na huyo wa sita tumboni," anasema. "Nyumba ilikuwa ya shule. Mkuu wa tarafa alisema kuna shule kule kaskazini haina mwalimu. Hakusema zaidi."

"Mimi ninaye mmoja."

"Hata mmoja anatosha."

Namtazama Neema kifuani mwa yule mtu, anacheka, meno mawili.

"Bibi yangu," babu anasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita, kwa ule utani wa babu na mjukuu wake wa kike, bibi yangu mdogo, na nyanya anajifanya kuona wivu. Miaka sita sijaitwa hivyo. "Bibi yangu, walinitisha kwa dakika mbili. Unajua kwa nini zilitosha?"

Natikisa kichwa.

"Nilihesabu peke yangu. Hesabu ilikuwa mfukoni mwangu tu, hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Uwanja mzima wangekuwa nayo, wangemwita nani pembeni?"

Akanyanyuka. Akavua kofia, akaanza kutembea kando ya mlolongo mrefu kwenda nyuma, kwa ule mwendo wake wa magoti mabovu. Nikaona anaitazama ile nafasi nyuma ya kitambaa cha manjano. Alikuwa amebakiza hatua tano tu. Watu wakamwona. Wakafungua njia kwa adabu, wakashika viwiko vyake taratibu, mkono kwa mkono, Mwalimu pita mbele, Mwalimu pita mbele, mpaka akawa amerudi mezani. Akaanza tena. Wakamrudisha tena. Mara ya tatu alikuwa anahema. Mara ya nne nikapiga kelele mwacheni, na sauti haikutoka, na redio ikawa inasoma jina la nchi yetu, na mimi nasukuma migongo, nasukuma, nasukuma kama siku ile juu ya kitanda kile chini ya msumari ule.

Nikaamka na Neema amelala kifuani kwangu, jasho letu limechanganyika.

Kulikuwa kunapambazuka. Jikoni nyanya alikuwa ameshaamka, anapuliza kuni.

"Unaongea na nani huko?"

"Na babu."

Akaacha kupuliza. Nyanya hamtaji babu. Tangu tumzike akilazimika kumtaja anasema "yule". Nilitoka na mtoto begani nikasimama mlangoni.

"Alikuwa amesimama wapi?" akaniuliza.

"Mbele, kwenye meza. Anataka kurudi nyuma, wanamkataza."

Akasogeza ukuni. "Na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Na kitambaa cha manjano. Nyuma yako kulikuwa na nafasi. Nilitaka kuingia ukanifukuza."

Sikuwahi kusikia habari ya kitambaa cha manjano. Nyanya aliweka chini ukuni aliokuwa ameushika. Moshi ukamwingia machoni, hajifuti.

"Siku ile walisema mwenye kuhesabu naye atasimama kwenye mlolongo akishamaliza kazi," alisema. "Nikamwekea nafasi. Jua lile, na tumbo lile, watu wananisukuma, mama sogea, mama ziba. Nikawaambia hapo pana mtu. Nikasimama hivyo mpaka akatangaza." Akashika ukuni tena. "Hakuja."

Hakuna aliyewahi kunisimulia hilo.

Nilirudi chumbani nikatoa zile karatasi chini ya godoro. Nikazikunja bila saini nikazitia ndani ya daftari. Kisha nikafungua ukurasa mweupe, nikaandika juu, kwa huo mwandiko mzuri anaoutaka: Sisi ndio tulioinua mikono kukataa. Kila mtu aandike jina lake mwenyewe.

"Anza na wewe, nyanya."

"Mimi niandike mwisho." Akajifunga leso. "Twende kwenye mashine. Saa hizi wote wako pale."

Ukarani niliulilia kidogo njiani, sitadanganya. Nilikuwa nimeshajiona nimekaa kwenye kile kiti.

Foleni ilikuwa ndefu, mashine inanguruma. Sikusimama mbele kuhutubia. Niliingia nyuma kabisa, nikampa daftari aliyekuwa mbele yangu, yeye akasoma, akaandika, akampa wa mbele yake. Asiyejua kuandika alisaidiwa kupaka wino kidoleni. Mama Wafula aliandika jina lake na majina ya pacha wake wote wawili, nikamwambia watoto hawahesabiwi, akaniambia, "Basi nifute uone." Daftari likafika mbele, likarudi. Nyanya akalipokea mwisho. Akaandika polepole, herufi alizofundishwa na babu, kisha akaniambia mahali pa kuweka tarehe.

"Si hapo. Shusha chini kidogo. Hapo paache."

Gari la afisa, likiwa njiani kwenda kwetu, likasimama pale saa mbili kamili. Alishuka na tabasamu, akasalimia, akauliza, "Mama Neema, zile karatasi?"

Daftari lilikuwa limerudishwa mbele, juu ya meza ya mwenye mashine, limefunguliwa. Mama Wafula akaondoka njiani, akainamisha kichwa.

"Bwana afisa," akasema, "pita mbele."

Watu wakafungua njia. Mimi nikamtazama akipita katikati yao, kidevu juu, anapokea heshima yake. Nalijua tabasamu lile. Nililivaa miaka mingi.

Alifika mezani akainama kusoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, na mwenye mashine akaizima mashine ili asome vizuri. Alipofika chini kabisa aliweka kidole.

"Hapa pamebaki nafasi," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ni ya nani?"

"Hapo," nyanya akamjibu kutoka nyuma, "pana mtu."